Vidole Vinne

Msikiti wetu wa Foleshill uko juu ya duka la mazulia.
Ngazi kumi na saba, mbili za mwisho zinalia.
Wanawake tuna chumba cha nyuma, hita moja,
na spika inayokwaruza imamu akivuta pumzi:
Sawazisheni safu. Bega kwa bega. Zibeni nafasi.

Nimeyasikia hayo miaka kumi na tisa.

Jumatatu Kapinga alisimama kuliani kwangu.
Amesilimu mwaka jana, mtu wa Lubumbashi,
anasafisha mabehewa ya treni usiku
na bado anaisoma Fatiha kama anayevuka barafu:
mguu mmoja, atulie, mguu wa pili.
Nampenda. Nimempa juzuu, na buibui langu jipya.

Basi ilikuwaje mkoba wangu,
uliokuwa kulia, ukahamia kushoto kwa Rukhsana?
Sikuuhamisha. Naapa sikuuhamisha.
Niliuona tu umekwisha fika,
na mkono wangu unarudi kifuani taratibu
kama mtoto anayetoka jikoni akijifuta mdomo.

Hospitali, kazini, walitukalisha mbele ya kompyuta:
sura, neno, sura, neno, bonyeza upesi, usifikiri.
Nilicheka. Nilimwambia Denise wa zamu ya usiku:
mtihani huu ni wenu; sisi ndio maswali.
Mimi, ambaye mlinzi wa duka hunifuata rafu hadi rafu
nikichagua shampuu,
ninayejua uzito wa macho mgongoni kwa gramu.

Lakini nina bibi. Alikufa Lamu, na bado anazungumza.
Hodari wa dua, sauti asali,
na watu aliwagawa kwa neno moja, alilitoa
kama anayetoa mwiba wa samaki mdomoni:
wa kuja.
Mpagazi, wa kuja. Mwalimu kutoka bara, wa kuja,
hata akisali safu ya mbele.
Kikombe chake kilikuwa na kabati lake.
Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nakunywa chai tu, naona.
Bibi hakuiona Coventry. Angenikuta hapa
neno lingemkwama.

Usiku ule ule, ngazini, baridi inatung'ata:
"Mama, kiatu yangu iko wapi?"
"Changu," nikasema. "Kiatu changu kiko wapi."
Nikatabasamu. Nikamshika bega.
"Changu," akasema, akainama, akafunga kamba
muda mrefu kuliko kamba zinavyohitaji.

Tulifundishwa chuoni kwamba matendo hupimwa kwa nia.
Nimeliegemea hilo kama mto.
Sasa linanichoma, maana nia yangu ni safi,
ichungulie, utaona hadi chini, hakuna tope;
ila mkono haukuiomba ruhusa.
Tendo lisilo na nia huandikwa na malaika yupi?
Naosha viganja mara tatu, uso, mikono hadi viwiko.
Maji ya hapa yana chokaa. Yanatakasa,
na yaleyale yanaacha ukoko mweupe birikani.

Jumanne nikapima. Kati ya unyayo wangu na wa Rukhsana,
hakuna kitu, kucha kwa kucha.
Kati yangu na Kapinga, vidole vinne.
Nikajisogeza. Kidole chake cha mwisho kikanigusa, baridi,
na mguu wangu, mimi nikiwa katikati ya aya,
ukajivuta.
Alisikia. Mwili husikia.
Niliposujudu nilibaki huko, pua kwenye zulia la bei nafuu.
Sikuomba msamaha, sikujua kosa nilitaje kwa jina gani.
Niliuombea mguu.

Ijumaa, vidole vitatu. Nimehesabu.
Sijui kama ni imani, inafanya kazi yake polepole,
au ni hita, iliyokufa tangu Jumatano,
inayotusogeza.