Irabu Mbili

Nilishuka Kabundaire alfajiri, mvua ikinyesha,
na sanduku moja, barua ya ajira,
na koti la Singida ambalo baridi ya huku ililicheka waziwazi.
Kazi yangu ni eksirei. Natazama watu kwa ndani:
mbavu, nyonga, kifundo kilichoteguka kwenye mashamba ya chai.
Wiki ya kwanza niliijua mifupa ya mji huu
kabla sijaijua salamu yake.

Soko la Mpanga niliomba maharage kwa Kiswahili,
na mama muuzaji akanyooka mgongo
kama mtu aliyesimamishwa kwenye kizuizi.
Nikakumbuka nilichoambiwa njiani:
huku lugha ya bibi yangu
ilipita zamani ikiwa imevaa buti.
Nikashusha sauti. Nikaonyesha kwa kidole.
Akapima, akajaza, akaongeza ukufi mmoja wa bure,
kisha akauliza, "Empaako yaawe?"

Nikadhani ni bei.
Nikampa elfu tano.

Safu nzima ya nyanya ilicheka, na ya viazi,
na kijana wa kunoa visu akasimamisha gurudumu lake
ili asimuliwe upya.
Basemera (jina nililijua baadaye)
alinirudishia chenji na somo:
Jina lako ni la karatasi, la shule, la polisi.
Empaako ni la kuitwa.
Mtu asiye nalo
tumbishie hodi mlango upi?

Jumamosi wakaniburura hadi ukumbi wa nyuma ya kanisa.
Rwaheru, ambaye siku nyingine huziba mabomba yanayovuja,
alinifunga binyege miguuni, njuga za mbegu, nzito,
akasema, "Kanyaga kama unayeigombeza ardhi."
Nikaigombeza. Ikanijibu kwa kuchelewa.
Ninajua jina la kila mfupa wa goti
na hakuna hata mmoja ulionitii.
Wasichana wa mstari wa mbele walizungusha nyonga
huku wakinitazama kwa huruma,
ile huruma ya kumtazama ndama akisimama mara ya kwanza.
Nilirudi nyumbani nikichechemea,
nikicheka peke yangu kwenye daraja la Mpanga.

Si kila siku ni ngoma.
Kulikuwa na Jumanne tatu za mvua, umeme umekatika,
nikila mkate mkavu gizani,
na mama kwenye simu akiuliza, "Umezoea?"
Nikajibu "ndiyo" haraka mno.
Mama akanyamaza. Mama anaijua haraka yangu.

Mwezi wa nne, nyumbani kwa Basemera,
wakaweka karo la ulezi katikati, na firinda, na nyama ya moshi,
wakaanza kunibishania kana kwamba sipo.
Araali? Hapana, anatembea polepole mno kwa radi.
Okaali? We! Hilo la mfalme, tema chini!
Shangazi mmoja, haoni vizuri,
akanipapasa uso, pua, hadi kidevu, akasema: Atwooki.
Hakuna aliyebisha.
Nikalimeza jina pamoja na tonge.
Likakwama kidogo, kisha likashuka.

Leo wameniletea mtoto aliyeanguka mpera,
mkono ameukumbatia kama kifaranga,
kilio chake kimejaa korido.
Fomu imeandikwa Kihumuro, miaka saba.
Nikaiweka fomu kando. Nikachuchumaa.
"Empaako yaawe?"
Kilio kikakatika.
"Acaali," akasema.
"Acali," nikarudia.
Akanitazama kwa machozi na kwa dharau ya mwalimu:
"Si Acali. A-caa-li. Irabu mbili."
"Acaali."
"Sasa wewe?"
Nikamwambia. Akakubali kwa kichwa, akaulaza mkono mezani mwenyewe.

Usitikisike, nikasema, Acaali. Shika pumzi.
Na mimi, nyuma ya kioo, nikaishika yangu.