Waipa Zinazofuta Jua

Hapa Prince Rupert mvua hainyeshi.
Mvua ndiyo mwenye nyumba,
sisi wapangaji.

Na mimi nina minivani ya mwaka tisini na saba,
rangi ya chai iliyosahauliwa mezani,
mlango wa ubavuni unaofunguka kwa goti,
na waipa zenye tabia.

Jumanne jua lilichungulia dakika kumi na moja,
watu wakatoka madukani kulitazama.
Zikaamka zenyewe, kwaru, kwaru,
zikafuta jua.
Jumatano ikaja mvua ya kupiga kama mbaazi kavu,
zikajilaza kama paka wa mtu mwingine.

Nikikata kona ya kushoto, zinapiga mara moja.
Nikikanyaga breki, zinasita katikati ya kioo
kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.
Nikamwambia Wendell: huu ugonjwa unauma na kupuliza.

Gereji walinitajia dola mia saba,
"kuanzia," akasema kijana, akifuta mikono.
Hilo kuanzia nalijua.
Sikurudi.

Ijumaa alfajiri lazima niwe barabarani,
kando ya mto Skeena mpaka Terrace,
nimpeleke Verna akatolewe mtoto wa jicho.
Kwa hiyo Alhamisi usiku, banda la Wendell,
nikaanza na fyuzi, kama kila asiye na pesa.
Fyuzi nzima. Nikaimulika, uzi haujakatika.
Nikairudisha, nikaichomoa tena,
maana nilitamani mno iwe ndiyo.
Rilei nikaibadilisha na ya honi:
honi ikalia, waipa kimya.
Mota nikaigonga kwa mpini wa bisibisi, taratibu,
kama anayebisha hodi kwa mdeni wake.
Ikanguruma. Nusu mzunguko. Ikanyamaza.
Kumbe i hai,
chakula ndicho hakiifikii.

Wendell alinishikia tochi, akinisimulia goti lake.
Nati mbili chini ya mikono ya waipa, kutu tupu;
mafuta ya kulegeza, ngoja,
chai, ngoja,
tusi moja la Kinorwe nililorithi kwa babu,
zikaachia.
Tukainua ile plastiki ndefu chini ya kioo.

Sindano za misonobari, za miaka na miaka.
Sarafu ya senti moja, ambayo hata serikali imeikataa.
Na kiota:
sponji ya kiti changu cha nyuma,
risiti za hoki zilizotafunwa zikawa manyoya,
duara safi, kikavu kuliko chumba changu cha kulala.
Mwenyewe hayupo.
Na waya mweusi wa ardhi, ule unaofungwa kwenye bodi,
umegugunwa ukabaki nyuzi tatu
zinazogusana gari linapoinama.

Kuuma na kupuliza.
Wiki nzima namtaja panya
na sikumwona.

Nikakata, nikamenya, nikasokota waya mpya,
nikasugua bolti kwa msasa hadi ikang'aa kama jino.
Weka grisi, akasema Wendell. Nikaweka grisi.
Washa. Nikawasha.
Kushoto kulia, kushoto kulia,
juu ya kioo kikavu, zikilia kama bata.
Hakuna aliyepiga makofi.
Wendell akazima tochi, betri ghali.
Kiota nikakisogeza nyuma ya kuni zake,
naye akajifanya hakuona.

Alfajiri. Verna kiti cha mbele, mkoba magotini.
Mwenye nyumba yuko nje, anahesabu wapangaji.
Waipa ya upande wangu inafanya kazi,
ila mpira umekwisha, inaacha mstari mmoja
sawasawa na macho yangu,
basi nainamisha shingo kama kuku kila kona,
mto upande mmoja, mlima upande wa pili.

"Unaona lakini?" akauliza Verna.
Naona vya kutosha.
"Haya, ona wewe kwa sasa,"
akafumba macho, akaegemea.
"Wakati wa kurudi nitakupokea."

Leseni yake iliisha mwaka juzi.