Mgunga Kichaa

Hapa Banni, nchi ya Kachi, nyasi zilikuwa na majina.
Mavyaa wangu Hurbai huyahesabu kwa vidole,
hufika kumi na saba, huanza upya:
kuna moja linalomponyoka kila mara.

Mti uliletwa na serikali
uzuie chumvi isitambae. Ukaizuia.
Kisha ukatambaa wenyewe.

Maganda yake ni matamu kama sukari guru.
Nyati wetu waliyala; mvua moja tu,
samadi ikaota miiba.
Tumlaumu nani? Mpanzi
ni yule yule tunayemkama.

Mume wangu Mamad alichunga usiku,
akifuata kengele gizani.
Siku hizi anachoma makaa, anarudi mweusi mpaka kope,
na gunia moja ni daftari za Zarina,
mafuta ya taa, deni la duka.
Ukikata shina, kisiki kinakujibu
kwa vichipukizi vitano.

Jana greda la idara liling'oa hekta mbili.
Tulisimama tukitazama
kama waliofika msibani wasijue wampe nani pole.
Mamad alihesabu magunia yaliyokuwa yakifukiwa.

Usiku Hurbai hakuwa kitandani.
Tulimkuta amechuchumaa kwenye udongo uliopinduliwa,
kurunzi imezima, ananusa.
"Njooni," alisema, "huu ndio wa kumi na nane."
Chipukizi, urefu wa ukucha.
Giza lilikuwa bado zito,
wala hatukuthubutu kuugusa
tujue kama una mwiba.