Kilicho Chini Hakikuandikwa

Mkataba ulisomwa sebuleni, Kiboriloni,
kaka Kandaeli ameshika kalamu kama kisu cha kuchinjia kuku:
nyumba moja ya tofali za kuchoma,
tangi, uzio wa masale, choo cha nje,
na vyote vilivyo juu ya ardhi.
Mnunuzi akatia sahihi. Nami nikatia.
Dirishani kichaka cha mama kilikuwa kimechanua
kana kwamba anasemwa mwingine.

Hatukulijua jina lake.
Mama alikitoa Lyamungo, mwaka kahawa ilipolipa,
kimeviringishwa ndani ya kanga mbichi.
Akakiita Mgeni,
na Mgeni akakaa miaka thelathini na mmoja.
Majani ukiyafikicha yananuka waya ulioungua.
Lakini maua, meupe yenye haya ya waridi,
ikigonga saa moja jioni yananukia
hadi jirani anapunguza redio.

Nilianza na matawi.
Kumi na mawili, ndani ya ndoo, kivulini.
Wiki ya tatu yote yalikuwa meusi,
njiti za kiberiti zilizokwisha kazi.

Aikande wa kitalu cha darajani Rau,
buti za mvua, simu kifuani,
alinicheka bila kunionea huruma:
"Huyu ukimwomba tawi atakudanganya.
Mwombe mzizi. Mwombe Julai,
mlima umejifunika, naye amelala.
Chagua wenye unene wa penseli.
Upande wa shina, kata bapa;
upande wa chini, kata mshazari.
La sivyo ukifika kwako vyote vitafanana,
hutajua kichwa ni kipi, miguu ni ipi."
"Na nikisahau?"
"Vilaze. Ataamua mwenyewe."

Siku sita kabla ya kukabidhi funguo
nilichimba alfajiri kwa kijiko cha ugali,
maana jembe lina mdomo.
Mizizi ilikuwa imepita chini ya jiko,
chini ya jiwe alilokalia mama akichambua mnafu,
imelizunguka bomba ambalo tulidhani limekufa.
Sikuiba. Kasome tena: juu ya ardhi.
Kilicho chini hakikuandikwa.

Vipande ishirini na vitatu, urefu wa kidole,
ndani ya gazeti lililoloa, kwa bodaboda hadi Pasua.
Nilipokuwa nashuka gazeti likachanika,
vikamwagika kwenye tope mlangoni.
Nikavipangusa kwa kitenge, kimoja kimoja.
Bapa zangu zilikuwa za mshazari,
mshazari wangu ulikuwa wa woga.
Basi nikavilaza.

Mchanga wa mto, makopo ya rangi yaliyotobolewa,
uani kwa mwenye nyumba asiyependa makopo.
Agosti, kimya.
Kandaeli alipiga simu: wamefyeka kila kitu,
wanamwaga kokoto. Nikasema sawa.
Nikaendelea kuunywesha mchanga mtupu.
"Unalima nini?" mwenye nyumba akauliza.
"Bado," nikajibu.

Mwisho wa Septemba, kopo la tatu:
kitu chekundu, kidogo kuliko punje ya ulezi,
kimetokea ubavuni,
si kichwani, si miguuni.
Nilisubiri siku nne kiwe jani.
Nikaligusa, nikanusa kidole.
Waya ulioungua!
Nikakaa pale pale chini, kati ya makopo,
nikicheka kama niliyeitwa kwa jina la utotoni.

Vilishika saba.
Kimoja nilimpa Aikande; siku hiyo hiyo akakitia bei.
Kimoja Kandaeli alikikataa,
halafu akamtuma mtoto wake akichukue.

Jana nilipita Kiboriloni. Ni maegesho sasa,
vitofali vya zege vimepangika kama meno ya bandia.
Katikati ya viwili, palipokuwa jikoni,
jani.

Nikakumbuka kwamba sikumaliza kuchimba.

Mlinzi akaja na rungu lake,
akalitazama jani, akanitazama mimi.
"Nang'oa kila Jumatatu," akasema.
"Jumatano liko hapa."