Dyr

Saa kumi na moja alfajiri, mjini Fergus Falls,
zamu yangu imebakiza saa mbili.
Bi Solveig Aamodt, miaka tisini na minne,
ananivuta sweta hadi dirishani.
"Dyr," anasema. "Dyr."

Naona theluji, ndoo ya chumvi, gari langu.
Kisha sikio moja linatikisika chini ya taa ya maegesho,
na nyuma yake wengine watatu,
wameshafunua magunia ya mtunza bustani
wanautafuna ua wa mierezi
kana kwamba umepandwa na baba yao.

Nilidhani ananiita mpenzi.
Hapa wote huniita hivyo, hata wasiolijua jina langu,
na kwa Kiingereza, ukisikiliza tu,
mpenzi na yule wa pembe hawatofautiani.
Lakini Kiingereza chake kilianza kuhama mwezi wa kumi,
usiku usiku, kama mpangaji anayedaiwa.
Kimebaki Kinorwe cha jikoni kwa mama yake.

Jumapili mwanawe, Arne, alileta mkate wa iliki.
"Dyr ni mnyama," akasema, "yeyote.
Ng'ombe, dubu, panya.
Huyu mwenye pembe tunamwita hjort.
Zamani hata Kiingereza kilikuwa hivyo,
neno lilikuwa zizi zima.
Wakatoka wote, akabaki mmoja."
Akapangusa makombo.
"Ah, na dyr pia ni ghali."

Ghali!
Nilicheka peke yangu stoo, nikikunja mashuka.
Lugha yangu humvua mnyama herufi moja tu
akawa kitoweo,
na mtu akauliza kilo shilingi ngapi.

Na huyu wa pembe, ayala,
nilimsikia kanisani Korogwe utoto wangu wote
bila kumwona hata kwenye picha.
Nilifikiri ni dada fulani
mwenye kiu.

Jana usiku Bi Solveig alinishika uso
kwa mikono yote miwili, mikavu kama karatasi ya sukari.
"Dyr," akasema.
Nikageuka dirishani. Hapakuwa na kitu,
nyayo tu, nazo zilikuwa zikifukiwa.

Arne ana simu, angenijibu hata saa ile.
Sikumpigia.
Nikamnyanyulia mto, nikampa maji,
akanywa bilauri nzima.