Kipimo cha Goti

Hallmundur hakuniuliza nina krona ngapi.
Alifuta mikono kwa kipande cha pajama kuukuu,
akalizunguka gari mara mbili kama mnunuzi wa ng'ombe,
akalipiga teke tairi la nyuma, akasema:
"Mkunga, hili ni gari la kwendea kanisani."

Kweli. Februari iliyopita lilinikwamisha juu ya Grimsheidi
usiku kucha, theluji imefika vioo,
na huko bondeni Eydis akazaa mbele ya mume na mbwa,
simu imelazwa mezani, sauti yangu ikimwongoza:
sasa sukuma, sasa usisukume, sasa kata hapo.
Mtoto mzima. Mama mzima.
Mimi ndiye niliyetoka nimepasuka.

Basi nilikuja na tamaa. Nataka inchi arobaini na nne,
nikasema, nataka springi ndefu, nataka niinuke
hadi theluji inione kwa mbali inipishe.

Akachekea puani.
"Matairi makubwa hula difu. Hula ekseli. Hula mshahara.
Mvishe mtoto viatu vya jitu uone kama atakimbia.
Shafti itakatika usiku, pasipo na nyumba wala taa.
Na ukiinua mno, upepo wa ubavuni utakusukuma mara moja tu:
utalala chali kama kondoo mwenye manyoya mengi."

Tukabishana hadi kahawa ikapoa.
Alichukua chaki, akaandika sakafuni:
thelathini na nane. Inchi nne za kuinua, basi,
zinazobaki tutazitafuta kwa msumeno; madigadi yakatwe,
yapanuliwe kama mbawa za kuku anayeatamia.
Gia za difu nzito zaidi, injini isitweta mlimani.
Shokomzoba za gesi, ila si zile za kung'aa,
"za kung'aa ni za watu wa maegesho."
Saa ya mwendo itakudanganya, akanionya,
itasoma themanini nawe uko tisini na kitu,
na polisi hawatataka kusikia habari za uchungu.

Snorkeli? Mito yako ina madaraja.
Winchi? Uifunge kwenye nini, nchi hii isiyo na miti?
Taa sita? Mbili. Kwenye tufani taa nyingi ni ukuta mweupe.

Kisha akanifundisha lililo gumu kuliko kununua:
kushuka, kupiga goti kwenye baridi, kutoa upepo,
pauni ishirini na tano, kumi, tano, mbili na nusu,
mpaka tairi livimbe mbavuni, lilegee, litambae
juu ya theluji kwa tumbo, kama sili.
Mtaka cha mvunguni huinama mara moja.
Mtaka mlima huinama mara nne, tairi moja baada ya jingine,
na akifika lami anaanza upya, kwa pampu.

Siku ya kulichukua, wiki ya tatu ya Oktoba,
nilisimama kando yake. Kiti kimenifika kifuani.
Nikarusha begi ndani, nikashika mpini, nikajikweza
kwa goti, kwa kiwiko, kwa tusi moja.
Hapo nikanyamaza.
Hallmundur akadhani nimeona mkwaruzo.

"Mwenye mimba ya miezi tisa," nikasema, "atapandaje?
Uchungu kila dakika nne, na barafu chini?"

Hakujibu. Alitwaa futi kamba, akapiga goti,
akapima kutoka sakafuni hadi goti langu, akapunguza kidogo,
akafikiri, akapunguza tena.
Akapotea nyuma ya gereji, akarudi na kipande cha wavu wa chuma
kilichokuwa sakafu ya zizi la kondoo,
chenye meno, unyayo usiteleze.
Akashusha miwani. Nikageuka nisiutazame ule mwanga.

Kwenye risiti springi zina bei, matairi yana bei,
difu ina bei nisiyoweza kumtajia mama yangu.
Mstari wa mwisho ameuandika kwa penseli:
ngazi, moja.
Na mbele yake hakuweka tarakimu.