Mguu Mmoja

Tulifika alfajiri, mimi na Msellem,
uwanja wa gofu bado una umande,
kamba mpya zimefungwa mti kwa mti,
askari mmoja akipiga miayo.

Kufika saa tisa, mbele yangu migongo.
Migongo ya bara, migongo ya Kisauni,
na wa bwana mmoja, mpana kama mlango wa ghala.
Nami niliyezaliwa mfupi, nikabaki mfupi,
nikatazama jasho likichora dunia kwenye shati lake.

Msellem akaparamia mvinje.
"Hao waja! Wetu wanne mbele!"
Nani anaongoza?
"Mwenye nyekundu!"
Wetu wote wamevaa nyekundu, ewe Msellem.

Ardhi ndiyo iliyoniambia ukweli.
Niliwasikia kwa nyayo zangu,
mvumo, kama mpunga ukimiminwa sakafuni,
kisha kelele zikawafuata ng'ambo ya vilima vya mchanga,
zikarudi na joto.

Mzunguko wa mwisho nikapiga magoti,
nikachungulia kati ya ndara na ndara:
mguu mmoja.
Chumvi imekauka gotini,
kamba ya kiatu imefunguka, yachapa nyasi.
Ukapita.

Jioni, Makadara, kwa muuza mihogo,
Msellem alisimulia mbio nzima, hatua kwa hatua,
hata zile zilizofichwa na majani.
Watu wakamnunulia kahawa.
"Nawe ulikuwepo?" wakaniuliza.
Nilikuwepo.

Tulipobaki wawili nikamuuliza:
Kule mwisho, kuna aliyeanguka?
Akafikiri. "Hakuna."
Nikashusha pumzi
niliyoibana tangu saa kumi.